DAWA INAYOPUNGUA NJIANI: Tiba ya nyuklia na askari wastaafu wa Arua na Koboko

Litajwapo neno "nyuklia" mbele ya askari, fikira zake hukimbilia kwenye bomu. Hukumbuka mji wa Hiroshima, ulioteketezwa tarehe 6 Agosti 1945, na hujiambia kwamba kitu cha namna hiyo hakiwezi kuwa na uhusiano wowote na hospitali. Lakini historia yatueleza vingine. Mwaka 1941, miaka minne kabla ya bomu hilo kuangushwa, daktari Saul Hertz wa mji wa Boston, Marekani, alikwisha kumpa mgonjwa wa tezi la shingo iodini yenye mionzi kwa nia ya kumponya. Atomi, basi, iliingia wodini kabla ya kuingia vitani.

Makala haya yanakusudia kuwaeleza askari na polisi, walio kazini na waliostaafu, juu ya kazi ya daktari wa tiba ya nyuklia katika hospitali ya umma, na hasa maana ya kazi hiyo kwa mzee aliyewahi kubeba bunduki ambaye leo anaishi Arua au Koboko. Tumeichagua West Nile kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tangu enzi za King's African Rifles pembe hii ya Uganda imekuwa chimbuko kubwa la askari. Ya pili ni kwamba pembe hiyohiyo iko mbali sana na mashine tutakazozieleza, na umbali huo, kama tutakavyoona, ndio kiini cha jambo lote.

MZEE TUNAYEMZUNGUMZIA

Askari mstaafu wa West Nile si mtu wa aina moja. Wapo waliotumikia jeshi la Uganda kabla ya mwaka 1979. Wapo waliokuwa katika makundi yaliyopigana na serikali na baadaye yakaweka silaha chini, kama vile UNRF II, ambao mapatano yao ya amani yalitiwa saini Yumbe tarehe 24 Desemba 2002. Wapo walioachishwa jeshi katika mpango wa kupunguza majeshi ulioanza mwaka 1992. Kadhalika wapo waliostaafu kutoka UPDF na polisi baada ya kutimiza miaka yao.

Wengi wa wazee hao, wauguapo, hupanga foleni moja na mkulima na mchuuzi katika Hospitali ya Rufaa ya Arua au katika hospitali ya Koboko. Tangu mwaka 2001 malipo ya mgonjwa yalifutwa katika vituo vya afya vya serikali, ukiacha wodi za kulipia. Hapo foleni haimwulizi mtu alipigana upande gani.

Aliyeandikishwa jeshini mwaka 1971 akiwa kijana wa miaka 20, leo amekwisha kuvuka 70. Umri huo una maradhi yake. Katika mji wa Kampala, ambako daftari la saratani limekuwa likiandikwa tangu mwaka 1954, saratani ya tezi dume imekuwa miongoni mwa zinazoongoza kwa wanaume katika miaka ya karibuni. Ugonjwa huu huanza kimya katika tezi ndogo iliyo chini ya kibofu, na usipozuiwa hupenda kuhamia mifupani: uti wa mgongo, nyonga na mbavu. Mzee huanza kulalamika mgongo. Jirani humwambia ni uzee, naye hujibu ni mizigo aliyoibeba jeshini. Miezi hupita, na siku moja miguu hukataa kusimama kwa sababu pingili ya mgongo imeporomoka na kuubana uti wa mishipa. Kuanzia hapo hakuna daktari awezaye kuahidi kwamba mzee atatembea tena.

KAZI YA DAKTARI WA NYUKLIA

Kila askari aliyewahi kuvunjika mfupa anaijua picha ya eksirei. Mashine humulika mwili kutoka nje, kama mtu amulikavyo kichaka kwa tochi, na kivuli cha mfupa huonekana upande wa pili. Daktari wa tiba ya nyuklia hufanya kinyume chake. Yeye hutuma mpelelezi ndani.

Mpelelezi huyo ni dawa iliyofungamanishwa na chembe kidogo ya kitu chenye mionzi. Kinachotumika zaidi duniani ni tekneti. Mgonjwa huchomwa sindano ya kawaida mkononi. Ikiwa mifupa ndiyo inayopelelezwa, tekneti hufungamanishwa na dawa ya jamii ya fosfeti, ambayo hupenda kwenda palipo na ujenzi mpya wa mfupa. Mgonjwa hukaa kiasi cha saa 3, hunywa maji mengi, hukojoa, kisha hulala chini ya kamera ya gama kwa muda wa nusu saa hivi. Kamera haitoi mionzi yoyote. Hupokea tu ishara zinazotoka mwilini. Mahali ambapo saratani inauchokoza mfupa, nao mfupa unajitahidi kujitengeneza upya, hung'aa kama makaa gizani.

Faida yake ni kubwa. Eksirei huhitaji mfupa uwe umepoteza theluthi moja au zaidi ya madini yake kabla dosari haijaonekana vizuri. Kamera ya gama huona mapema zaidi, tena huona mwili mzima kwa mara moja, kuanzia fuvu hadi nyayo. Kwa uchunguzi wa namna hiyo daktari huweza pia kupima utendaji wa figo, mtiririko wa damu katika moyo, na hali ya tezi la shingo.

Aidha, daktari huyu hutibu. Iodini yenye mionzi, ambayo mgonjwa huimeza kama kidonge au huinywa kama maji, hukimbilia kwenye tezi la shingo na kuzichoma chembe zilizoasi. Kwa saratani iliyofika mifupani na kuleta maumivu makali, kuna dawa kama stronti na radi, ambazo hufuata mfupa na kupunguza maumivu hayo.

NG'OMBE ANAYEKAMULIWA KILA ALFAJIRI

Sasa tufike kwenye jambo linaloitofautisha tiba hii na nyingine zote. Kwinini huweza kukaa rafuni miezi mingi. Tekneti haiwekwi akiba hata kidogo. Kila baada ya saa 6 nguvu yake hupungua nusu. Baada ya saa 12 hubaki robo, na baada ya saa 24 hubaki sehemu moja tu kati ya 16. Hakuna friji wala kufuli iwezayo kuizuia, kwa kuwa hiyo ndiyo tabia ya atomi yenyewe.

Wataalamu wa maabara ya Brookhaven, Marekani, walipata njia ya kulikabili tatizo hilo mwishoni mwa miaka ya 1950. Husafirishwa madini mengine, molibdeni, ambayo hupungua nusu kwa saa 66, na ambayo katika kupungua kwake huzaa tekneti. Madini hayo hufungwa ndani ya chombo kilichozungushiwa risasi nzito. Kila asubuhi mtaalamu hupitisha maji ya chumvi ndani ya chombo na kutoa tekneti iliyozaliwa usiku. Duniani kote wafanyakazi wa idara hizi hukiita chombo hicho "ng'ombe", na kazi hiyo "kukamua". Mfugaji wa Koboko atalielewa jina hilo bila kufafanuliwa, pamoja na kasoro yake: ng'ombe huyu hukauka katika muda wa wiki moja au mbili, na lazima aletwe mwingine.

Molibdeni yenyewe hutengenezwa katika tanuri chache za atomi duniani, zikiwemo za Petten nchini Uholanzi, Mol nchini Ubelgiji, na Pelindaba nchini Afrika Kusini. Mwaka 2009 na 2010, tanuri ya Chalk River nchini Kanada na ile ya Petten zilipositisha kazi kwa matengenezo, hospitali za nchi tajiri zilikosa dawa na kuwaahirishia wagonjwa. Nchi inayonunua kutoka mbali huumia zaidi, kwani dawa hupungua ikiwa angani, hupungua ikiwa uwanja wa ndege, na hupungua karani anapotafuta mhuri.

Ndiyo sababu siku ya daktari wa nyuklia huanza kabla ya jua. Hukagua mzigo, hupima nguvu iliyobaki, huhesabu wagonjwa, na huamua nani achomwe sindano saa ngapi. Mgonjwa akichelewa saa 3, sehemu yake ya dawa imepungua kwa kiasi cha theluthi moja. Askari anayejua maana ya saa ya kuanza mashambulizi ataielewa kazi hii upesi kuliko raia.

KUTOKA KOBOKO HADI MULAGO

Katika hospitali za umma za Uganda, Mulago mjini Kampala ndiyo inayojulikana kwa huduma hii. Kutoka Arua hadi Kampala ni mwendo wa kilomita zipatazo 500, kupitia daraja la Pakwach na Karuma. Anayetoka Koboko huongeza kilomita nyingine zaidi ya 50. Barabara ya lami itokayo Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, imeondoa vumbi na matope ya zamani, lakini haikuufupisha mwendo.

Tufanye hesabu. Tekneti ikikamuliwa Mulago saa 12 alfajiri na kupakiwa garini, ikafika Arua baada ya saa 9, itakuwa imebaki kidogo zaidi ya theluthi moja. Mgonjwa akichomwa na kusubiri saa 3 nyingine, imebaki robo. Kwa hiyo tekneti haiwezi kumfuata mzee Koboko; ni mzee anayepaswa kuifuata. Kuweka kamera Arua nako kungehitaji ng'ombe wa kila wiki, mtaalamu wa fizikia, daktari aliyesomea, na umeme usioyumba. Kwa miaka mingi West Nile haikuunganishwa na gridi ya taifa. Ilitegemea mitambo ya dizeli, na tangu mwaka 2012 bwawa dogo la Nyagak lenye uwezo wa megawati 3.5. Gridi ya taifa ilifika mwaka 2024. Sharti hilo moja sasa limesogea karibu. Mengine yangali yakingoja.

Kwa hali hiyo twapaswa kujiuliza swali lililo wazi: je, ni nani hasa anayestahili kupandishwa basi kwa safari hiyo, na kwa wakati gani? Kumsafirisha kila mzee mwenye maumivu ya mgongo ni kupoteza fedha za maskini na dawa isiyongoja mtu. Kutomsafirisha yeyote ni kuwaacha wapooze. Jibu la swali hilo lilipatikana, kwa sehemu kubwa, katika hospitali ya askari wastaafu.

HOSPITALI YA BRONX NA TONE LA DAMU

Baada ya Vita Kuu ya Pili, idara ya Marekani inayowahudumia askari wastaafu ilifungua vitengo vya isotopu katika hospitali zake. Mwaka 1947 mwanafizikia Rosalyn Yalow alianza kazi hiyo katika hospitali ya wastaafu ya Bronx, New York. Chumba alichokigeuza maabara kilikuwa stoo ya mfagiaji. Mwaka 1950 akaungana na daktari Solomon Berson, na katika miaka ya 1950 wakabuni njia ya kupima vitu vidogo mno katika damu kwa kutumia mionzi, wakianza na insulini.

Njia yenyewe twaweza kuieleza kwa mfano wa bweni la kambi. Tuseme bweni lina vitanda 100, wala hakiongezwi hata kimoja. Tunaingiza askari 100 waliovaa kitambaa chekundu, pamoja na askari wengine wasio na kitambaa ambao hatujui idadi yao, kisha tunawaamuru wote wagombee vitanda. Baadaye tunawahesabu wenye kitambaa chekundu waliokosa vitanda. Kadiri wanavyokuwa wengi, ndivyo tunavyojua kwamba wale wasio na kitambaa ni wengi. Vitanda ni kingamwili, kitambaa chekundu ni mionzi, na askari wasio na kitambaa ni kile kitu kilichomo katika damu ya mgonjwa. Mionzi hiyo hubaki katika bomba la maabara, bila kuingia mwilini mwa mgonjwa hata kidogo.

Yalow na Berson hawakuchukua hati ya kumiliki uvumbuzi huo. Waliuacha utumike na wote. Berson alifariki mwaka 1972. Mwaka 1977 Yalow alipata tuzo ya Nobel, akigawana na wengine wawili, na mmoja wao, Andrew Schally, alifanya kazi katika hospitali nyingine ya wastaafu, ile ya New Orleans. Utafiti wa Schally juu ya homoni za ubongo ulisaidia kuleta sindano zinazozuia homoni ya kiume, ambazo leo hutumika kuidhoofisha saratani ya tezi dume. Hivyo wawili kati ya washindi watatu wa mwaka ule walitoka katika hospitali za umma za askari wastaafu.

Ubora wa ugunduzi wa Bronx kwa mtu wa Koboko ni huu: damu husafiri kwa urahisi kuliko mzee. Vipimo vya maabara vilivyotokana na wazo la Yalow na Berson, ambavyo vingi havitumii tena mionzi, ndivyo vinavyopima homoni ya tezi la shingo na kile kiashirio cha tezi dume kiitwacho PSA. Tone la damu katika kisanduku cha barafu laweza kwenda mahali ambapo mtu mwenye mgongo mbovu angefika kwa taabu. PSA si hukumu ya mwisho, kwani tezi dume lililovimba kwa uzee tu au lenye maambukizo huweza pia kukipandisha kiashirio hicho. Lakini kipimo hicho, pamoja na uchunguzi wa daktari kwa kidole na nyama ndogo inayokatwa kupimwa, humsaidia daktari wa Arua kuamua nani atibiwe papo hapo na nani aandikiwe barua ya rufaa kwenda kwenye kamera.

MAKOVU NA YASEMWE

Kuna jambo linalomhusu askari peke yake. Tumesema kwamba tekneti hufuata ujenzi wa mfupa. Walakini si saratani tu inayoleta ujenzi. Goti lililochakaa kwa miaka ya kuruta hung'aa. Mfupa uliopigwa risasi na kuunga vibaya huweza kung'aa. Kigutu cha mguu uliokatwa kwa sababu ya bomu la ardhini huweza kung'aa. Kipande cha chuma kilichobaki mwilini, kwa upande wake, huzuia mionzi na kuacha doa jeusi.

Daktari asiyejua habari hizo aweza kukiona kidonda cha zamani akakidhania saratani, au kuiona saratani akaidhania kidonda cha zamani. Kwa hiyo daktari wa nyuklia katika hospitali yenye wastaafu wengi lazima awe msikilizaji. Kabla ya kusoma picha humwuliza mgonjwa: "Mzee, uliumia wapi? Ni risasi au gari? Mwaka gani? Ulipigwa chuma?" Majibu hayo huandikwa, na picha husomwa kwa kuyafuata.

Hapa ndipo historia ya West Nile inapoingia wodini. Mzee aliyejeruhiwa akiwa na jeshi linalotambuliwa hulitaja jeraha lake kwa fahari. Mzee aliyejeruhiwa msituni, upande ulioshindwa, aweza kuona haya au hofu, akasema alianguka kwenye mti. Tunapenda kumwambia waziwazi: daktari hatafuti kosa, wala picha ya mifupa haiulizi bendera. Sheria ya msamaha ya mwaka 2000 ilipitishwa ili watu warudi nyumbani, na chumba cha daktari ni sehemu ya nyumbani. Wahenga walikwisha kusema: mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Haya ya pili ni ile ya kukojoa. Mzee aliyekuwa sajenti hataki kumwambia muuguzi mwenye umri wa binti yake kwamba huamka mara tano usiku, kwamba mkojo hukatikakatika, au kwamba ameona damu. Wauguzi nao na wajifunze kuuliza kwa heshima inayostahili, faraghani, kwa lugha anayoielewa mzee, iwe Kilugbara, Kikakwa au Kiswahili cha kambini. Swali moja lililoulizwa vizuri Koboko laweza kuokoa uti wa mgongo ambao mashine ya Kampala itakuwa imechelewa kuuokoa.

MFANO WA KULUVA

Asije mtu akadhani kwamba kazi kubwa ya tiba hufanyika miji mikuu tu. Karibu na Arua iko hospitali ya misheni ya Kuluva. Mwaka 1961 daktari wake, Ted Williams, alifuatana na daktari Denis Burkitt wa Kampala na daktari Cliff Nelson katika safari ya gari ya maili 10,000, wakipita hospitali hadi hospitali kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza juu ya uvimbe wa taya za watoto ambao leo huitwa kwa jina la Burkitt. Huko Kuluva kila mgonjwa aliandikwa vizuri: jina, kijiji, tarehe. Kwa sababu ya madaftari hayo, mwaka 1967 ulichapishwa uchunguzi juu ya ugonjwa huo katika West Nile kwa miaka ya 1961 hadi 1965, ulioonyesha kwamba wagonjwa walitokea kwa mafungu, katika sehemu fulani na nyakati fulani.

Kuanzia mwaka 1972 ilichukuliwa West Nile damu ya watoto wapatao 42,000 na kuhifadhiwa. Baadhi ya watoto walipougua baadaye, damu yao ya zamani ilitolewa na kulinganishwa na ya wenzao wazima. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1978, yaliongeza nguvu katika ushahidi kwamba virusi vinahusika na saratani hiyo. Sindano, barafu na daftari vilitosha kuifanya Arua itajwe katika vitabu vya tiba ulimwenguni. Tunaona kwamba vitu hivyohivyo vitatu ndivyo vinavyotakiwa leo kwa ajili ya mzee mwenye tezi dume.

HOFU ISIYO NA MSINGI, NA TAHADHARI YENYE MSINGI

Wapo wanaoamini kwamba sindano ya nyuklia huondoa nguvu za kiume au humwacha mtu akiwa na sumu maishani. Sivyo. Binadamu hupokea mionzi ya asili kutoka ardhini na angani, wastani wa kiasi cha milisiverti 2.4 kwa mwaka. Uchunguzi wa mifupa kwa tekneti humwongezea milisiverti 4 hivi, na kwa kuwa tekneti hupungua nusu kila saa 6, nyingine ikitoka kwa mkojo, kesho yake karibu yote imekwisha. Upungufu uleule unaomtesa daktari humlinda mgonjwa.

Iodini ya kutibu ni jambo jingine. Hiyo hupungua nusu kwa siku 8, na aliyeinywa huagizwa kujitenga kwa siku kadhaa na watoto wadogo na wanawake wajawazito. Agizo hilo lifuatwe kama amri ya kambi. Wafanyakazi wenyewe hulindwa na kanuni tatu ambazo kila askari atazikariri mara moja: fupisha muda, ongeza umbali, weka kinga. Ukiuzidisha umbali mara mbili, mionzi inayokufikia hupungua kuwa robo. Kifuani huvaa kipimo kidogo kinachohesabu mionzi wanayoipokea, isizidi wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka.

Kwa polisi tuna neno maalumu. Kifurushi chenye alama nyeusi ya mapanga matatu juu ya rangi ya njano kisifunguliwe wala kisishikwe ovyo. Wakati huohuo kisicheleweshwe bila sababu. Sheria ya nishati ya atomiki ya mwaka 2008 iliunda Baraza la Nishati ya Atomiki, lenye kutoa vibali vya vitu hivyo. Kibali kikiwapo na mzigo ukilingana nacho, upite. Ng'ombe wa molibdeni akizuiwa siku moja, zaidi ya sehemu moja ya tano ya nguvu yake imepotea, na waliopotezewa ni wagonjwa waliokwisha kulala Kampala wakisubiri zamu.

LINALOPASA KUFANYWA

Kwanza, askari au polisi aliyetimiza miaka 50, aliye kazini au aliyestaafu, asingoje maumivu. Aende Arua au Koboko, aeleze hali ya mkojo wake, apimwe. Akiona damu katika mkojo, au maumivu ya mgongo yasiyotulia usiku, aende wiki hiyohiyo. Miguu ikifa ganzi au ikilegea, aende siku hiyohiyo.

Pili, aandike makovu yake. Karatasi moja yatosha: mahali pa jeraha, mwaka, kilicholisababisha, na kama chuma kimebaki. Karatasi hiyo ikae pamoja na kitambulisho chake, na iambatane na barua ya rufaa.

Tatu, vyama vya wastaafu vitenge mchango wa nauli. Anayekwenda Kampala huhitaji basi, mahali pa kulala, na kijana wa kumsindikiza. Kabla ya kuondoka, hospitali ya Arua na iulize kama dawa ya wiki hiyo imefika. Hakuna uchungu kama wa mzee aliyesafiri kilomita 500 akakuta ng'ombe amekauka.

Nne, safari isiwe kisingizio cha kuchelewesha tiba. Tangu mwaka 1941, uchunguzi wa daktari Charles Huggins ulionyesha kwamba kuiondoa homoni ya kiume huidhoofisha saratani ya tezi dume, na kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Nobel mwaka 1966. Upasuaji wa namna hiyo hauhitaji mashine yoyote ya nyuklia. Mzee ambaye miguu yake imeanza kulegea atibiwe Arua kwanza, picha itafuata.

Tano, wenye mamlaka wakumbuke kwamba kamera huja mwisho wa mstari. Mwaka 2016 mashine pekee ya kobalti ya kutibu saratani kwa mionzi nchini Uganda iliharibika kabisa, na mpya ilizinduliwa mwanzoni mwa mwaka 2018. Katika kipindi hicho wengine walilazimika kutafuta tiba Nairobi. Mtambo mmoja ni tumaini jembamba. Maabara yenye vitendanishi Koboko, mpasuaji Arua, na daftari lisilopotea ni msingi ambao mtambo wowote utakaokuja utausimamia.

Askari alifundishwa kutunza silaha yake kila siku, siyo siku ya vita tu. Na autunze mwili wake vivyo hivyo, kwa maana dawa tuliyoieleza hapa haina uwezo wa kumngojea.